Baseball-Reference na wachezaji wa msimu mmoja: tovuti inayofaa ukijua pa kuangalia

Ingia Baseball-Reference, tovuti ya takwimu za besiboli ya Marekani, fungua ukurasa wa mpigaji Brady Anderson, teremka mpaka 1992, kisha soma safu ya HR (homurani) peke yake kutoka juu kwenda chini: 21, 13, 12, 16, 50, 18, 18, 24, 19. Hiyo 50 ni ya 1996, alipokuwa na Baltimore Orioles. Ukiiondoa, anabaki mpigaji mzuri wa kawaida ambaye hata mara moja hakufika homurani 25. Kwa asiyeujua mchezo huu, homurani ni mpira uliopigwa ukavuka ukuta wa uwanja, na mpigaji akazunguka besi zote nne, yaani vituo vya kukimbilia, bila kusumbuliwa. Anderson aliipiga mara 210 katika maisha yake yote ya ligi kuu, na karibu robo ya hizo ni za mwaka mmoja. Huyo ndiye mchezaji wa msimu mmoja.

Mtu wa Pemba hana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Mkarafuu unaweza kuinamisha matawi msimu mmoja mpaka majamvi yakakosa pa kutandikwa, na msimu unaofuata ukatoa za kuhesabika. Mkulima anayeujua mti wake haridhiki na pishi za mwaka huu tu. Atauliza mwaka jana ulizaa nini, mvua zilikujaje, na wachumaji waliyavunja matawi au waliyaacha salama. Baseball-Reference inakupa nafasi ya kumuuliza mchezaji maswali ya aina hiyohiyo, na hapo ndipo ilipo thamani yake. Tatizo ni kwamba ukurasa wa mbele unakuonesha pishi tu. Mvua na matawi yako ndani, na lazima uyatafute.

Tovuti hii ilianzishwa na Sean Forman mwaka 2000. Kuisoma ni bure, inaendeshwa kwa matangazo na kwa huduma yake ya kulipia iitwayo Stathead, na kumbukumbu zake zinarudi nyuma mpaka 1871. Iko kwa Kiingereza tupu, lakini hilo halizuii mtu: vifupisho kumi hivi vinatosha kwa kazi yote. G ni michezo aliyocheza, PA ni mara alizosimama kupiga, AB ni mara hizo ukitoa zile alizopewa besi ya bure na nyengine chache, H ni hiti, yaani mara alizopiga akafika besi kwa pigo lake, SO ni straikauti, yaani mara alizotolewa bila kuupeleka mpira uwanjani, BA ni wastani wa hiti kwa AB. OPS+ ni kipimo cha jumla ambacho tayari kimesawazishwa kwa uwanja na kwa ligi ya mwaka ule, na 100 ndiyo katikati.

Kwenye simu, laza kifaa ubavuni kabla hujaanza. Jedwali ni pana, na ukilisoma simu ikiwa wima utasukuma kushoto na kulia mpaka upoteze mwaka uliokuwa ukiuangalia. Kosa la kuchukua namba ya mstari wa juu au wa chini ndilo linalotokea zaidi kuliko jengine lolote. Kurasa ni nzito kwa sababu ya matangazo, kwa hiyo bando dogo huisha haraka ukifungua wachezaji ishirini mfululizo. Fungua unaowataka tu, na ukishapata jedwali litoe mara moja: juu yake kuna kitufe cha Share & Export, na ndani yake kuna chaguo la kulipata kama CSV. Maandishi hayo unayanakili ukayabandika kwenye Excel au kwenye programu yoyote ya majedwali iliyomo kwenye simu. Kwa mwalimu wa skuli anayetaka kuwachapishia vijana, bakisha mwaka, umri, timu, G, PA, HR, BA na OPS+. Safu nane hizo zinakaa vizuri kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, na herufi zinasomeka.

Angalia pia majina. Anwani ya kila mchezaji hutengenezwa kwa herufi tano za mwanzo za jina la ukoo, mbili za jina lake, na namba: Anderson ni anderbr01, Norm Cash ni cashno01 kwa kuwa ukoo wake una herufi nne tu. Majina yanayofanana hutenganishwa kwa ile namba ya mwisho. Davey Johnson aliyepiga homurani 43 mwaka 1973 aliwahi kuichezea Baltimore, na yupo Dave Johnson mwengine aliyeichezea timu hiyohiyo, lakini yeye ni mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira. Ukiona jedwali halina homurani hata moja, umeingia nyumba ya jirani.

Sasa kazi yenyewe. Tovuti haina kitufe cha kukuonesha wachezaji wa msimu mmoja, kwa hiyo wengi huanza na orodha ya rekodi za msimu mmoja. Orodha hiyo inapotosha. Roger Maris yumo kwa homurani 61 za 1961, lakini mwaka mmoja kabla alipiga 39 na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Hack Wilson yumo kwa mikimbio 191 aliyoingiza mwaka 1930 (mkimbio ni alama, mchezaji anapomaliza kuzunguka besi zote; hizi zilipatikana kwa mapigo yake), na wengi humtaja kama wa mwaka mmoja, ilhali 1929 aliingiza 159 na kupiga homurani 39. Hao ni wapigaji wakubwa waliopata mwaka mkubwa zaidi. (Kwenye vitabu vya zamani utaikuta 190 kwa Wilson. Ilirekebishwa mwaka 1999, baada ya kugundulika mkimbio mmoja aliandikiwa mwenzake Charlie Grimm. Ukiona tovuti na kitabu vinatofautiana kwa moja, tovuti ndiyo iliyosahihishwa.)

Njia inayofanya kazi ni kugawa. Chukua msimu wake bora, ugawe kwa msimu wake wa pili kwa ubora. Maris ni 61 kwa 39, inatoka 1.56. Luis Gonzalez wa Arizona alipiga 57 mwaka 2001, na kabla ya hapo kiwango chake cha juu kilikuwa 31: inatoka 1.84. Anderson, 50 kwa 24, ni 2.08. Davey Johnson, 43 kwa 18, ni 2.39. Juu yao wote yupo Owen Wilson wa Pittsburgh, ambaye mwaka 1912 alipiga mapigo 36 ya kufika besi ya tatu, rekodi ambayo bado inasimama, na hakuna mwaka mwengine aliozidisha 14. Inatoka 2.57. Ikizidi 2, mchezaji huyo anafaa kuchunguzwa. Chini ya 1.6 usipoteze bando.

Lakini kabla ya kugawa, soma safu ya G. Jacoby Ellsbury wa Boston alipiga 32 mwaka 2011 na hakuna mwaka mwengine aliopita 16, hesabu inatoa 2 kamili. Ukitazama pembeni utaona 2011 alicheza michezo 158, 2010 michezo 18 tu, na 2012 michezo 74. Majeraha yamemkata pande zote mbili. Bado 32 ni nyingi kwake, ila huwezi kuipima kwa miaka ambayo hakuwepo uwanjani. Kwa mchezaji wa namna hii gawa HR kwa PA kwanza, halafu ndiyo ulinganishe. Angalia hivyohivyo 1994, ligi iliposimama Agosti 12 kwa mgomo, na 2020, kila timu ilipopangiwa michezo 60 tu. Ligi za Weusi, walizochezea Wamarekani Weusi walipozuiwa kuingia ligi kuu, nazo zimeingizwa kwenye orodha, na ni haki yao, lakini ratiba zao zilikuwa fupi, kwa hiyo wastani wa juu sana huonekana humo kwa urahisi zaidi kuliko jumla kubwa.

Ukishampata mtu wako, swali ni kwa nini. Hapa ndipo tovuti inapoonesha uwezo wake, na mfano mzuri kuliko yote ni Norm Cash.

Cash alikuwa na Detroit Tigers. Mwaka 1961 alipiga .361, akaongoza ligi yake, na OPS+ yake ilifika 201. Mwaka uliofuata wastani wake ulianguka mpaka .243. Alicheza mpaka 1974 na hakuna msimu mwengine alioivuka .300. Ukiishia hapo utasema mtu huyu alisahau kupiga. Chukua kalamu. Mstari wa 1961 una AB 535, H 193, HR 41, SO 85. Toa homurani kwenye hiti: 152. Toa homurani na straikauti kwenye AB: 409. Gawa 152 kwa 409, unapata .372. Hiyo ndiyo sehemu ya mipira aliyoipiga ndani ya uwanja ambayo walinzi hawakuidaka wala kuizuia. Fanya hivyohivyo 1962: AB 507, H 123, HR 39, SO 82. Inakuwa 84 kwa 386, sawa na .218.

Tazama namba hizo mbili kwa utulivu. Homurani zilipungua mbili tu. Straikauti zilipungua tatu. Nguvu ilikuwepo, jicho lilikuwepo. Kilichobadilika zaidi ni mipira ya ndani ya uwanja: mwaka mmoja ilipenya mno, mwaka wa pili ikaangukia mikononi mwa walinzi. Mpigaji wa kawaida huzunguka karibu na .300 au chini yake kidogo, kwa hiyo .372 ilikuwa juu kuliko inavyoweza kudumu, na .218 ilikuwa chini kuliko alivyostahili. Aliyemhukumu Cash kwa mwaka wowote kati ya hiyo miwili alikosea. Tovuti ina safu ya BAbip kwenye jedwali la upigaji la ndani, inafanya hesabu hii yenyewe, ila inaongeza mapigo ya kujitoa mhanga kwenye kigawanyo, ndiyo maana utaona tofauti ya moja au mbili kwenye tarakimu ya tatu ukilinganisha na kalamu yako. Hujakosea.

Yapo mawili kuhusu Cash ambayo jedwali halina. 1961 ligi yake iliongezwa timu kutoka 8 hadi 10, na michezo kutoka 154 hadi 162, kwa hiyo warushaji ambao mwaka uliotangulia wasingepata nafasi walipata. Na baadaye Cash mwenyewe alikiri kwamba msimu ule alitumia gongo lililotobolewa na kujazwa koki ndani (ile ya vizibo vya chupa), jambo lililokatazwa. Watu wengi humaliza mjadala hapo. Mimi sikubali. Wanafizikia waliolipima gongo la namna hiyo wameona haliupeleki mpira mbali zaidi: linakuwa jepesi, linazungushwa haraka, lakini linapoteza uzito wa kugonga. Udanganyifu ni udanganyifu, lakini pengo la .372 na .218 hulielezi kwa koki.

Mpeleke Anderson kwenye hesabu ileile uone jinsi jibu linavyokuwa tofauti kabisa. 1996: AB 579, H 172, HR 50, SO 106. Inatoka 122 kwa 423, sawa na .288, ya kawaida kabisa. Wastani wake wa upigaji ulikuwa .297 mwaka ule na .288 mwaka 1997. Yaani alifika besi kwa hiti karibu sawasawa miaka yote miwili, lakini mipira iliyovuka ukuta ilikuwa 50, ikawa 18. Hakuna bahati ya kupenya kati ya walinzi hapa. Ni urefu wa pigo. Homurani ziliongezeka katika ligi nzima mwaka ule, hilo ni kweli, lakini ongezeko la ligi haliwezi kumtoa mtu 16 likamfikisha 50. Kwa hiyo Cash na Anderson, ambao huwekwa kapu moja kila wanapotajwa, ni watu wa aina mbili tofauti, na tovuti inakuthibitishia kwa hesabu tatu za kugawa.

Davey Johnson ni aina ya tatu: uwanja. Alitoka Baltimore akahamia Atlanta Braves, na uwanja wa Atlanta wa wakati ule ulikuwa kwenye mwinuko mkubwa kuliko viwanja vingi vya ligi, mipira ikiruka mbali. Usiishie kwenye ukurasa wake. Bonyeza jina la timu kwenye mstari wa 1973 uingie ukurasa wa timu nzima: Johnson 43, Darrell Evans 41, Hank Aaron 40. Watatu kwenye timu moja wamefika 40. Ukiona hivyo, ujue sehemu ya jibu iko kwenye ardhi waliyokanyaga. Halafu rudi kwake ufungue kurasa za mgawanyo, zinazotenganisha michezo ya nyumbani na ya ugenini. Jambo moja huwababaisha wengi: mwaka 1975 jedwali lake linakatika. Alikwenda Japani kuichezea Yomiuri Giants. Misimu ya huko haikai kwenye jedwali la ligi kuu, inakaa kwenye sehemu iitwayo Register, ambayo kiungo chake kipo kwenye ukurasa huohuo na ni rahisi kukipita.

Kwa warushaji mambo ni magumu kidogo. Mark Fidrych wa Detroit, 1976, alishinda michezo 19 na kushindwa 9, ERA 2.34 (wastani wa mikimbio aliyoruhusu kwa kila inningi tisa, na inningi ni zamu ya timu kupiga), akiwa na umri wa miaka 21 (tovuti huhesabu umri wa mwisho wa Juni, yeye alitimiza 22 mwezi wa Agosti). Baada ya hapo alishinda 10 tu kwa miaka minne, akaishia na 29. Mstari wake una dalili mbili za wazi. Moja ni safu ya CG, michezo aliyoirusha mwanzo mpaka mwisho: 24 kati ya 29 alizoanza. Kijana wa umri ule kupewa mzigo huo leo hakuna kocha angekubali. Aliumia goti kabla ya msimu wa 1977, kisha bega, na ilichukua miaka mpaka ikajulikana kwamba msuli wa bega ulikuwa umechanika. Dalili ya pili ni straikauti 97 kwa inningi 250.1, yaani karibu 3.5 kwa kila inningi tisa. Mrushaji wa hivyo anategemea sana walinzi nyuma yake, na hata bega lingesalimika, 2.34 ingekuwa vigumu kurudi.

Na hiyo 250.1 ni mtego. Si desimali. Inamaanisha inningi 250 na theluthi moja, na .2 ni theluthi mbili. Excel haijui hilo. Kwa 250 kosa halionekani, lakini chukua mrushaji mwenye 33.2 na mikimbio 10: hesabu sahihi inatoa ERA 2.67, Excel isiyorekebishwa itakupa 2.71. Badilisha kwanza .1 kuwa .333 na .2 kuwa .667, ndiyo uendelee.

Kuhusu Stathead, ushauri wangu ni kutolipia kwa kazi hii. Ni chombo kizuri, unaweza kuiambia ikupe kila aliyepiga homurani 40 kwa umri fulani au kwa timu fulani, lakini kulinganisha msimu bora wa mtu na wa pili wake bado utalazimika kutoa CSV ukafanye mwenyewe. Malipo ni ya kadi na kwa dola, kila mwezi au kwa mwaka. Kwa fedha hizo ni bora kununua bando ukapakua hifadhidata ya Lahman, mkusanyiko wa takwimu za besiboli ambao ni bure, mara moja tu, kisha ukafanya kazi bila mtandao. Faili la Batting lina kila mchezaji na kila mwaka, na utambulisho wa wachezaji kwa sehemu kubwa ni uleule wa anderbr01. Uangalie safu ya stint tu: mchezaji aliyehamishwa katikati ya msimu ana mistari miwili kwa mwaka mmoja. Usipoijumlisha, utamwona ana miaka miwili midogo mahali pa mmoja wa kawaida, na hesabu ya kugawa itamtangaza mtu ambaye hana cha ajabu.

Mahali tovuti inaponyamaza ni kwenye mrusho wenyewe. Steve Stone alishinda michezo 25 kwa Baltimore mwaka 1980 na kutunukiwa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Kabla ya hapo hakuwahi kupita 15. Inajulikana kwamba mwaka ule aliongeza sana mipira ya kupinda, ambayo huuchosha mno mkono. Hakuna safu inayokuonesha hilo, kwa sababu mirusho haikupimwa enzi zile. Kwa mchezaji wa 2015 na kuendelea nenda Baseball Savant, ni bure, utaona kasi ya mpira ulivyotoka kwenye gongo na aina ya kila mrusho. Kwa 2002 na kuendelea FanGraphs itakupa mipira mingapi ilikuwa ya juu na mingapi ya chini. Kwa Stone unabaki na mistari miwili: 1980, 25 na 7, 1981, 4 na 7, kiwiko kikiuma. Chini yake jedwali limefungwa.